Kifutio Juu ya Meza

Nina hasira za karibu, sikatai. Wanaoishi nami wanajua: masikio huniwaka kwanza, maneno yakafuata, na majuto yakaja mwisho. Lakini hasira hii ninayoieleza haijafika kwenye majuto hadi leo, na sioni dalili kwamba iko njiani.

Asubuhi ya siku ya maonyesho nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kibarazani kwa Vidole, kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake. Vidole ni msusi. Jina alilopewa na wazazi wake halina kazi tena; mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu ya kasi ya mikono yake, na wateja wanaapa kwamba anaweza kusuka, kusengenya na kumenya chungwa kwa wakati mmoja. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo mimi namwita mama. Yeye ananiita mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: nafundisha darasa la kwanza.

"Tulia. Ukitikisika nakupa mstari unaoelekea sokoni."

"Unanivuta, mama."

"Navuta ili zishike. Huwezi kwenda chuo kikuu na kichwa kama kiota, mdogo wako ataona aibu. Kwani utatoa hotuba?"

"Sitoi chochote. Nakwenda kutazamwa ukutani. Na wewe unakuja, usijitie hamnazo."

"Nakuja kuangalia kazi ya mikono yangu. Hayo mengine yenu."

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Mmoja wao, ambaye ni msusi mwenzake na ana mdomo mpana kuliko mlango wa gereji, akauliza habari za binti yake Vidole, yule aliyeolewa mbali.

"Hajambo sana," Vidole akajibu. "Mumewe anamlea kama yai. Juzi tu kamnunulia jokofu jipya."

Niliyasikia maneno hayo na papo hapo nikasikia vidole vyake vikikaza kwenye ngozi ya kichwa changu. Hapakuwa na jokofu. Hata mume hakuwapo tena. Pale kibarazani tulikuwa wawili tu tuliojua hivyo, yeye na mimi, na mimi nilijua kwa sababu nilikuwepo siku aliyojua yeye.

Juu ya paji lake Vidole huvaa miwani. Haijawahi kushuka machoni. Ukimpa karatasi, iwe ya hospitali au ya kanisani au bei ya nywele za bandia, atajipapasa kifuani, atajipapasa mapajani, kisha atasema, "Nisomee, mwaya, miwani nimeisahau." Watu humwambia ipo kichwani. Naye hujibu, "Hii ya kuonea mbali. Ya kusomea iko ndani." Alidumu na miwani hiyo miaka na miaka, akacheka yeye kwanza kabla hajachekwa, na hakuna aliyemshuku.

Ila binti yake alipoolewa akaanza kutuma ujumbe wa maandishi kwenye simu, ikabidi msusi mwenzake awe anausoma. Binti akiandika kwamba anaumwa, kabla jua halijazama mtaa mzima unajua anaumwa nini na tangu lini. Binti akilalamika juu ya mawifi, mawifi hao wanachambuliwa kwenye foleni ya maji. Ndipo siku moja mchana, watoto wangu wameshakwenda zao, Vidole akaja kusimama kwenye mlango wa darasa, amejitanda kama mtu aliyekuja kuomba dawa ya siri.

"Mwalimu," alisema, "nataka kusoma. Si kusoma vitabu. Nataka mwanangu akiniandikia nijue mimi peke yangu. Na nikisikia mtu mmoja kajua, sitagusa kichwa chako mpaka unazikwa."

Nikamwambia akae. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni, tukaanza.

Sasa hapo lazima nimweleze mdogo wangu.

Tulimpa jina la Profesa akiwa bado anang'oka meno, kwa maswali yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, sakafuni jikoni, kwa mkaa. Nilikuwa naandika neno zima, kisha nalifunika kwa kidole gumba, nakisogeza kidogo kidogo ili neno lijitokeze kipande kwa kipande. Alikuwa akipiga kelele, "Sogeza! Sogeza!" kama vile nyuma ya kidole kuna peremende. Leo ni mhadhiri kweli, yuko chuo kikuu, upande wa elimu. Wana jengo pale, zamani lilikuwa maktaba, wanaliita Ukumbi. Wazo lao, kama alivyonieleza, ni kwamba utafiti juu ya shule usiishie kwenye makabati. Wanashirikiana na watu wa filamu na wachoraji, na yale waliyoyaona madarasani wanayageuza kuwa picha, sauti na michoro, ili mzazi asiyesoma makaratasi yao aingie, atembee, aelewe. Nililipenda wazo hilo. Bado nalipenda, na hilo linaniudhi zaidi.

Mwaka juzi alikuja kuniomba arekodi darasa langu, mwaka mzima, aone mtoto anavyofika kwenye kusoma. Nilikataa. Darasa la kwanza si mahali pa kamera. Kuna mtoto atajikojolea. Kuna atakayelia kwa njaa, na kuna siku mwalimu mwenyewe anageukia ubao kwa muda mrefu ili asionekane uso. Akabembeleza, akanipaka mafuta, mwishowe tukapatana jambo moja. Kifutio changu cha ubao hukaa siku zote kwenye kibao kilicho chini ya ubao. Nikikitoa pale nikakiweka juu ya meza, maana yake chumba kimefungwa: anafunika kamera, harekodi, hasemi, hakumbuki. Nikitaka kuendelea narudisha kifutio mahali pake. Akala kiapo, na kwenye kiapo hicho akamtaja mama yetu.

Niseme ukweli, alikiheshimu kifutio. Nilikuwa nikikiweka mezani namwona kwa macho yangu akivisha kamera kifuniko chake. Saa sita anafungasha vitu vyake anarudi chuoni. Kitu kimoja tu alikuwa akikiacha, kinasa sauti kidogo kama kiberiti, alichokifunga kwenye nondo za dirisha ili kidake sauti za watoto wa nyuma. Alisema ni usumbufu kukifunga na kukifungua kila siku. Mimi nilikizoea kama unavyozoea mjusi wa ukutani.

Vidole alipoanza kuja mchana nilimweleza habari ya kifutio, kwa kumchekesha tu. Akaipenda mno. Ikawa ndiyo salamu yake: akiingia anafunga mlango, anakwenda ubaoni, anakichukua kifutio kwa vidole viwili na kukiweka mezani, pu, vumbi la chaki linaruka. "Tumefunga," anasema, na hapo ndipo anajitandua na kuwa mwanafunzi.

Na alikuwa mwanafunzi wa shida. Nilimpa kitabu cha watoto akakisukuma.

"Sikuja hapa kusoma habari za paka."

"Paka ana silabi mbili, mama, ni rahisi."

"Paka hajawahi kuniandikia."

Basi tukaacha paka, tukasoma ujumbe wa binti yake. Nilikuwa nauandika ubaoni kwa herufi kubwa, naufunika kwa kidole gumba, nasogeza. Baadaye akawa anasogeza mwenyewe. Kidole chake kilikuwa kinene na kilinukia mafuta ya nywele, na kila silabi ilipojitokeza aliitamka kwa sauti kubwa kama anaigombeza.

Ule ujumbe uliingia mchana mmoja tukiwa darasani. Akaniomba nisiuandike ubaoni, anataka auchukue mwenyewe kutoka kwenye simu. Nikamwachia. Alitumia sehemu kubwa ya mchana. Mama. Nimeondoka kwake. Nakaa kwa rafiki. Usimwambie mtu. Neno lile la pili kutoka mwisho lilimtesa, alirudi nyuma mara kadhaa, si-mwa, mwa, mwa-mbi. Alipomaliza neno la mwisho alipiga kofi mezani akaangua kicheko, "Nimeusoma! Wote! Mwenyewe!" Alicheka kwa nguvu, mikono juu. Kisha kicheko kikakatika, maana ndipo alipofahamu kile alichokisoma. Akainamia meza ya mtoto akalia, na mimi nikalia naye.

Hakumwambia mtu. Hakunihitaji mimi nimkumbushe wala mimi sikumhitaji yeye. Binti aliomba apewe muda mpaka ajipange, na mama yake akamlinda kwa jokofu la uongo na mume wa kulea yai. Kwa mara ya kwanza maishani Vidole alikuwa na siri iliyokuja kwa maandishi, akaipokea mwenyewe, akaifungia mwenyewe. Alikuwa akisuka huku anatabasamu peke yake.

Kwa hiyo nilipomwambia aje Ukumbini sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitaka aone watoto wangu. Nilitaka, kusema kweli, asome maandishi ya ukutani mbele za watu na mimi niwe pembeni yake, nijisikie vizuri bila mtu kujua kwa nini.

Nusu ya mtaa ilikuwepo. Profesa alikuwa amewaalika wazazi wote na majirani zao, na tulipoingia alinikumbatia mbele ya wakubwa zake akasema, "Huyu ndiye dada yangu, bila yeye hakuna hiki chote." Alivaa viatu vyeupe. Alimshika Vidole mkono kwa heshima akamwita mama, akasifia kichwa changu. Alimwangalia usoni vizuri. Nalikumbuka hilo.

Chumba cha kwanza kilikuwa kizuri. Walikuwa wametundika picha za mikono ya watoto iliyoshika chaki, kubwa kuliko milango, kila ukucha unaonekana. Wazazi waliitambua mikono ya watoto wao, wakawa wanaelekezana kwa kelele. Chumba cha pili kilikuwa na madawati, na kwenye kila dawati skrini ndogo inayoonyesha midomo ya mtoto ikitafuta herufi. Vidole alikaa kwenye dawati moja akaniminya mkono. "Hawa wanateseka kama mimi," alininong'oneza, na tukacheka kama wasichana.

Chumba cha tatu kilikuwa cha giza. Mlangoni palikuwa na ukuta mweusi, na juu ya ukuta huo herufi nyeupe, ndefu kama mtu mzima. Watu walikuwa wamesimama kwenye mstari kusubiri kuingia, nasi tukasimama nao. Nilikuwa nimegeuka kumsalimu mzazi mmoja, kwa hiyo sikuona herufi. Vidole ndiye aliyeziona.

Alipandisha mkono, akafumba jicho moja, akaziba maandishi yale kwa kidole gumba kutoka mbali. Akaanza kusogeza. "U," akasema. "Usi." Sauti haikuwa ndogo. Watu waligeuka, naye hakujali, alikuwa anatabasamu. "Usi-mwa." Nilijaa fahari. Anasoma, nilijiambia, mbele ya mtaa mzima anasoma ukutani. "Usimwambie," akasema, haraka sasa, maana neno hilo analifahamu. "Usimwambie mtu."

Tabasamu likabaki usoni pake kidogo, bila kazi, kisha likaondoka.

Kutoka gizani nikasikia sauti yake. Si ya huyu aliyesimama kando yangu. Ilitoka kwenye spika, kubwa, imejaza chumba: si-mwa, mwa, mwa-mbi. Kisha kofi mezani. Kisha kile kicheko. Nimeusoma! Wote! Mwenyewe!

"Hee," akasema msusi mwenzake nyuma yetu. "Huyo si Vidole?"

Kilio kikafuata. Halafu kimya kidogo, kisha sauti ikaanza upya tangu mwanzo, taratibu, wazi, kila neno limesafishwa. Mama. Nimeondoka. Kwake. Wanawake wa mtaa wetu wakaacha kuzungumza mmoja mmoja. Hakuna mwanamke pale ambaye hakuwahi kukaa katikati ya magoti yale akisikiliza sauti ile kwa saa nzima. Wote waliijua kuliko sauti za waume zao.

Vidole hakuingia. Pembeni ya mlango palikuwa na kibao kidogo chenye maelezo, akakisogelea, akaweka kidole gumba juu yake. Nilitaka kumzuia na mkono haukunyanyuka. Alisoma polepole, kwa uangalifu ule ule niliomfundisha, na watu wote pale walimsubiri amalize.

"Sa-u-ti," alisoma. "Ya mwa-na-mke a-si-ye-ju-a ku-so-ma." Akapumua. Akasogeza kidole mstari wa chini. "Kwa hi-sa-ni. Kwa hisani ya mwa-li-mu wa-ke."

Akageuka kunitazama.

"Nimesoma sawa, mwalimu?"

Masikio yalikuwa yananiwaka moto, ila hasira haikuwa imepata pa kwenda. Vidole alijitanda vizuri, akaishusha ile miwani kutoka kwenye paji akaivaa machoni, akapita katikati ya watu akaondoka. Walimpisha. Msusi mwenzake alitaka kumfuata, kisha akabaki, kwa sababu sauti ilikuwa inarudia tena sehemu ya mume.

Mimi niliingia gizani. Kulikuwa na watu wageni wamekaa kwenye mabenchi, wengine wanajifuta machozi. Nilipapasa ukuta mpaka nikapata waya, nikaufuata kwa magoti mpaka kwenye soketi, nikang'oa. Sauti ikakatika katikati ya neno, na skrini za chumba cha pili nazo zikazimika. Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, chumba kizima. Walidhani ni sehemu ya kazi.

Profesa alinikuta nimeshika waya bado. Alinitoa nje kwa mlango wa nyuma, kwenye korido ya ngazi, akafunga.

"Dada, taratibu. Kuna wageni."

"Kifutio kilikuwa juu ya meza."

"Kifutio kilikuwa cha kamera. Hebu kumbuka, tulikubaliana kamera. Mchana kamera haikuwepo."

"Usinichezee. Nani alikutuma urekodi mchana?"

"Sikupanga. Siku ya kwanza nilisahau kukizima. Nikaja kusikiliza sauti za watoto, nikamkuta yeye. Nililia, dada. Nilikaa ofisini kwangu nikalia."

"Na siku zilizofuata?"

Alitazama viatu vyake vyeupe.

"Zilizofuata sikusahau," alisema.

Nilimuuliza kama anajua yule ni nani. Alisema hakuweka jina, hakuna anayemfahamu. Nikamwambia yule ndiye aliyesuka nusu ya vichwa vilivyomo humo ndani, na wewe ndiye uliyewaalika wenye vichwa. Uso ukamshuka. Nadhani kweli hakuwa amelifikiria hilo. Mtu aliyesoma kiasi kile, akawaalika watu wa mtaa waje kusikia sauti, wala asifikirie kwamba wana masikio.

"Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi," alisema, na sasa analia. "Watu wanalia mle ndani."

"Walie kwao."

"Nilitaka waone kusoma ni nini hasa. Makaratasi yangu yote hayajawahi kusema kile anachokisema yule mama akicheka."

"Na hiyo hisani? Nilikupa hisani gani mimi?"

"Nilitaka upate sifa. Sahihi yako tunayo, uliitia kwa ajili ya darasa. Wewe ndiye uliyemfundisha. Kama ulivyonifundisha mimi."

Angenipiga kofi ningeumia kidogo zaidi ya hapo, au pungufu, sijui. Nilimwona akiwa mdogo sakafuni jikoni, anapiga kelele nisogeze kidole. Nilimwambia kwamba mimi niliyemfundisha hayupo, na kwamba nikirudi mle ndani nikasikia sauti ile tena nitavunja kila kitu chenye waya. Nikashuka ngazi.

Aliitoa sauti ile. Niseme na hilo, maana sitaki kusema uongo hata kwa mtu aliyeniuza. Kesho yake chumba cha tatu kilifungwa na kibao kikang'olewa. Lakini mtaa ulikuwa umeshasikia, na wale waliokosa walisimuliwa wakatiliwa chumvi. Kabla ya mwisho wa juma binti yake Vidole alipigiwa simu na shangazi wa mumewe kuulizwa kwa nini ametangaza habari za nyumba yake chuo kikuu.

Profesa alikuja kwangu kuomba radhi. Alikaa mezani, ameshika mkoba mapajani. Nilisimama upande wa pili nikamwambia kabla hatujasema neno amwage vilivyomo humo. Alinitazama akidhani ni utani. Kisha akafungua mkoba akamwaga: funguo, leso, kalamu, simu mbili, kitana. Nikazibeba simu nikazipeleka nje, nikaziweka juu ya ndoo ya maji, nikarudi nikafunga mlango. Tulikaa. Baada ya muda akakusanya vitu vyake, radhi yenyewe hajaiomba, mimi nikamfungulia.

Kwa Vidole nilikwenda mara ya kwanza nikakuta mlango umefungwa. Mara ya pili aliitikia salamu akaingia ndani asitoke. Basi nikamwandikia ujumbe. Nilikaa nao muda mrefu, nikichagua maneno kama ninavyochagua kwa watoto wa wiki za mwanzo, mafupi, yasiyo na silabi tulizokuwa hatujazifikia. Niliandika: "Mama, sikutoa sauti yako. Sikujua. Nisamehe." Nikatuma. Nikasubiri, na kila simu ilipolia niliikimbilia.

Siku ya tatu nikaenda kibarazani mchana, wakati kumejaa. Nilijua nitatazamwa, nikaenda hivyo hivyo. Mistari aliyonisuka ilikuwa bado kichwani, imeanza kuchakaa pembeni, sikuwa nimethubutu kuifumua. Wanawake waliokuwa kwenye mkeka walisogea kunipisha na mazungumzo yakafa. Vidole alikuwa na kichwa cha mtu mikononi. Hakuacha kusuka.

"Karibu, mwalimu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya wateja. "Afadhali umekuja."

"Mama, nilitaka..."

"Subiri kwanza. Kuna kitu kimeingia kwenye simu yangu tangu juzi, kinanisumbua." Akafuta mkono kwenye kanga, akachomoa simu kifuani, akaifungua. Alikitazama kioo. Mimi maisha yangu yote nimewatazama watu wakisoma. Naijua kazi hiyo kwenye jicho. Macho yake yalitembea kutoka kushoto kwenda kulia, yakashuka, yakatembea tena, na kidole gumba kikasogea kidogo pembeni ya simu. Alifika mwisho. Kisha akaninyooshea.

"Nisomee, mwaya," alisema. "Miwani nimeisahau."

Ilikuwa juu ya paji lake. Kila mtu pale alijua habari ya miwani ile sasa, na hakuna aliyecheka. Niliipokea simu. Nikasoma kwa sauti, maneno yangu mwenyewe, mbele ya wote: mama, sikutoa sauti yako, sikujua, nisamehe. Nilipomaliza nikabaki nimeishika.

Vidole aliichukua akairudisha kifuani.

"Basi huyo atakuwa amekosea namba," alisema, akamwinamisha mteja kichwa, akaendelea kusuka.